Golikipa Hafungwi Peke Yake

Mimi si mwandishi hodari. Katika miaka yangu yote hapa nimeleta kitu kwa mhariri mara moja tu, nilipokuwa kidato cha pili. Lilikuwa shairi, naye akanirudishia akisema vina vyake vimepotea njia. Safari hii sileti shairi. Naleta neno ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita, na kwa kuwa mwaka huu ndio wangu wa mwisho, naona nisipolisema sasa sitalisema tena.

Neno lenyewe lahusu mpira wa magongo, na hasa lamhusu yule kijana anayesimama golini.

Kila aliyekuwapo Siku ya Wanafunzi wa Zamani atakumbuka kwamba tulicheza na wageni waliovuka mpaka kutoka Kenya. Kwetu sisi hapa Uganda mchezo ule ulikuwa mkubwa. Bendera mbili zilipandishwa, nyimbo mbili za taifa zikaimbwa, na wazee wetu wakaja na wake zao na watoto wao wakaketi kivulini chini ya miembe. Wenzetu wa Kenya si watoto katika mchezo huu. Taifa lao lilipata nafasi ya 6 katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Sisi nasi Uganda tulipeleka timu ya magongo Munich mwaka 1972. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na jina la kulinda.

Tulifungwa mabao 5 kwa 2.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Bao la pili lilikuwa mpira wa polepole, ukabiringika kama chungwa lililoanguka kikapuni, ukapita katikati ya miguu ya golikipa wetu. Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya goli akapaza sauti, "Enzi zetu goli hili lilikuwa na mlango!" Watu wakacheka zaidi. Jioni ile, tuliporudi bwenini baada ya chakula, tulikuta mtu ameiba chekeche jikoni, akalitundika juu ya kitanda cha yule kijana kwa kamba ya kiatu. Tangu usiku ule hakuitwa tena kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Chekeche. Aliitwa hivyo katika foleni ya uji, akaitwa hivyo maktabani, na hata watoto wa kidato cha kwanza, ambao hawajui gongo hushikwaje, walimwita hivyo wakakimbia.

Siku ya tatu alirudisha stoo pedi, glavu na helmeti, akatia sahihi katika daftari, akaondoka. Yeye ni wa kidato cha tatu. Ana miaka kumi na sita.

Sasa, kabla sijaendelea, nawaomba mnifuate mbali kidogo, mpaka katika nchi za baridi. Kuna mchezo ndugu ya huu wetu, unaochezwa juu ya barafu. Wengine wenu mnaujua, maana hata Nairobi kiwanja kidogo cha barafu kilifunguliwa hotelini mwaka 2005, na vijana wa Kenya wakaunda timu yao wakaiita Ice Lions. Kwa wasioujua nitaeleza kwa ufupi. Wachezaji ni sita kila upande pamoja na golikipa. Huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake, nao huteleza kwa mwendo wa kushangaza. Hawapigi mpira wa mviringo, bali kisahani cha mpira mgumu, upana wake inchi 3 na unene wake inchi 1. Mchezo una sehemu tatu za dakika 20. Golini nyuma kuna taa nyekundu, na bao likiingia taa ile huwaka, ukumbi mzima ukaona.

Katika mchezo huo alikuwapo golikipa wa Uswidi aitwaye Tommy Salo, aliyezaliwa mwaka 1971 katika mji wa Surahammar. Mwaka 2002, katika Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Salt Lake City, Marekani, Uswidi walianza kwa kishindo. Waliwapiga Kanada 5 kwa 2, wakawafunga Ucheki 2 kwa 1, wakawatandika Ujerumani 7 kwa 1. Watu wakaanza kusema medali ya dhahabu imekwisha kupata mwenyewe. Tarehe 20 Februari wakakutana na Belarusi katika robo fainali. Belarusi walikuwa wametoka kufungwa mara tatu mfululizo: Urusi 6 kwa 4, Ufini 8 kwa 1, Marekani 8 kwa 1. Ni nani angewaogopa watu kama hao?

Lakini mchezo ulikwenda mpaka 3 kwa 3. Zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 24, beki wa Belarusi aitwaye Vladimir Kopat akapiga kisahani kutoka mbali, hata kabla hajavuka mstari wa buluu. Salo alikiona. Kilimjia juu, kikampiga upande wa kichwani, kikaruka hewani, kikamwangukia mgongoni, kikadondoka ndani ya goli. Taa nyekundu ikawaka. Belarusi 4, Uswidi 3. Uswidi wakarudi nyumbani.

Mwalimu wetu wa michezo alituonyesha filamu ya bao lile. Tulilitazama mara nyingi, na nakiri kwamba mara ya kwanza sote tulicheka. Mara ya tatu nikaacha kucheka, kwa sababu niliacha kukitazama kisahani nikamtazama mtu.

Kwao walimlaumu sana. Mtu yule akawa ndiye mchezo mzima. Ukitaja Belarusi mbele ya Mswidi apendaye hoki, jibu lake ni Salo. Nami nauliza: je, ni haki?

Tufanye hesabu, maana hesabu haina mapenzi. Siku ile Uswidi walipiga golini mara 47, Belarusi mara 19. Salo alifungwa mara 4 katika 19. Sitamtetea kwa uongo: hiyo ni siku mbaya kwa golikipa wa daraja lake, na bao la Kopat lingepaswa kuokolewa. Golikipa mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini tazama upande wa pili wa daftari. Katika mapigo yale 47, Uswidi waliingiza 3 tu. Mapigo 44 hayakuingia. Yalipigwa na mabingwa, watu waliokuwa wakilipwa fedha nyingi huko Marekani na Kanada kwa kazi hiyohiyo ya kufunga mabao. Golikipa wa Belarusi, Andrei Mezin, aliyazuia, na heshima ni yake. Ila nauliza, ni nani anayeyakumbuka yale 44? Ni fowadi gani aliyeitwa chekeche?

Hapo ndipo ilipo tofauti, ndugu zangu. Fowadi akikosa, mpira hutoka nje, refa hupiga firimbi, mchezo huanza upya, na kosa lake husahauliwa kabla jasho halijakauka. Hafu akipoteza mpira, kuna beki nyuma yake. Beki akipitwa, kuna golikipa. Golikipa akikosa, nyuma yake kuna wavu tu, na ubao wa mabao. Kosa la kila mtu mwingine hufunikwa na mwenziwe. La golikipa huandikwa kwa chaki. Wala si kwamba yeye hukosea zaidi. Amewekwa mahali ambapo kosa halina pa kujificha.

Na kuna jambo jingine. Mtu yuleyule Salo, mwaka 1994 huko Lillehammer, Norwe, alisimama golini katika fainali ya Olimpiki dhidi ya Kanada. Mchezo ulikwisha 2 kwa 2, wakaongeza muda, bado sare, wakaingia katika mapigo ya mmoja mmoja. Peter Forsberg wa Uswidi akafunga bao zuri la mkono mmoja. Kisha akaja Paul Kariya wa Kanada. Akifunga, mambo yanaendelea. Salo akamzuia. Uswidi wakapata dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huo.

Mwaka uliofuata posta ya Uswidi ilitoa stempu ya kukumbuka ushindi ule. Je, stempu ilimwonyesha nani? Ilimwonyesha Forsberg akifunga. Aliyezuia hakuchorwa. Na golikipa wa Kanada aliyefungwa, Corey Hirsch, hakukubali sura yake itumike, hata mchoraji ikambidi abadili rangi ya jezi na namba ya mgongoni. Naona kisa hiki kidogo chatosha kutufundisha jambo zima. Makipa walikuwa wawili. Mmoja aliokoa, akasahauliwa. Mwingine alifungwa, akatakiwa akumbukwe milele kwenye barua za watu. Mwaka 1998 tena Salo alicheza fainali mbili za ubingwa wa dunia dhidi ya Ufini, 1 kwa 0 na 0 kwa 0, asifungwe hata bao moja katika zote mbili, na Uswidi wakawa mabingwa. Lakini ulizeni watu wanakumbuka nini. Wanakumbuka kichwa chake na kisahani.

Najua wapo watakaonijibu hivi: "Kijana, wataka tuwabembeleze wachezaji kama watoto wachanga? Mchezo usio na lawama hauna maendeleo. Enzi zetu tulisemwa, tukasikia, tukapona." Jibu hili nimelisikia kwa masikio yangu, tena kutoka kwa mtu ninayemheshimu, aliyecheza katika timu yetu miaka mingi kabla sijazaliwa. Sitaki kulipita kimyakimya, maana lina kweli ndani yake.

Ni kweli kwamba kosa lisiposemwa halitengenezwi. Ni kweli pia kwamba kuna siku ambapo golikipa hana budi kutolewa. Huyohuyo Salo, mwaka 2003 huko Helsinki, Uswidi walicheza na Ufini katika robo fainali ya ubingwa wa dunia, na Wafini wakafika mpaka 5 kwa 1. Katika mchezo ule Salo alitolewa, akaingia Mikael Tellqvist, na Uswidi wakapanda ngazi moja moja mpaka wakashinda 6 kwa 5. Aliyemtoa hakukosea. Sikusikia mtu akisema kwamba alimtukana.

Lakini angalieni mfano wa pili, mtaona kwamba kumtoa mtu kwa hasira ni jambo jingine kabisa. Tarehe 22 Februari 1980, huko Lake Placid, timu ya Umoja wa Kisovieti ilicheza na vijana wa Marekani, wengi wao wanafunzi wa vyuo. Golikipa wa Kisovieti alikuwa Vladislav Tretiak, ambaye wengi walimhesabu kuwa bora duniani. Sehemu ya kwanza ilipokuwa inakata roho, Tretiak alizuia pigo la mbali, kisahani kikamrudia mbele, na Mmarekani Mark Johnson akakiwahi akafunga ikiwa imebaki sekunde moja tu. Ikawa 2 kwa 2. Kocha Viktor Tikhonov akamtoa Tretiak papo hapo, akamwingiza Vladimir Myshkin. Mwisho wa yote Marekani walishinda 4 kwa 3, na ulimwengu unaukumbuka mchezo ule mpaka leo. Baadaye Tikhonov mwenyewe alikiri kwamba kumtoa Tretiak kulikuwa kosa kubwa. Naye Tretiak? Miaka minne baadaye, Sarajevo mwaka 1984, alisimama golini katika mchezo wa mwisho, wakawafunga Chekoslovakia 2 kwa 0, akavaa dhahabu.

Basi si kutoa wala kutotoa ndiko kunakopima hekima. Kinachopima ni sababu. Tukimtoa mtu kwa kuwa timu yahitaji miguu isiyochoka, huo ni uongozi. Tukimtoa ili tuwe na wa kumbebesha fedheha yetu, huo ni woga uliovaa koti la uongozi. Kadhalika na lawama. Kumwambia kijana, "Ulifunga miguu kwa kuchelewa, kesho asubuhi njoo tufanye mazoezi," hiyo ni lawama ya kujenga. Kutundika chekeche juu ya kitanda chake si lawama. Halimfundishi kufunga miguu. Linamfundisha kuogopa usiku.

Wazee wa Kiswahili walisema, kuteleza si kuanguka. Nadhani hawakuwahi kuona barafu, lakini walijua.

Sasa nirudi kwetu. Nilimwomba mwenzetu atunzaye daftari la timu anipe hesabu ya mchezo ule. Wageni walipiga mapigo 17 yaliyolenga goli letu. Matano yaliingia, 12 golikipa wetu aliyazuia. Sisi tulipiga 14, tukapata mawili. Nikakaa nikayapima yale mabao matano moja moja, kama mtu anayepima mahindi sokoni.

Bao la kwanza lilitokana na kona ya adhabu, baada ya mmoja wetu kuukanyaga mpira ndani ya duara. Pigo lilikuwa la nguvu, na mlinzi aliyetakiwa kukimbilia mpigaji alichelewa kutoka mstarini. Bao la pili ndilo lile la polepole. Hilo ni lake golikipa, wala hakatai. Bao la nne tulifungwa sote tukiwa mbele, tunatafuta kusawazisha, tumemwacha yeye na mafowadi watatu. Bao la tano alitoka golini mapema mno. Hilo nalo ni lake.

Bao la tatu nimeliruka kwa makusudi, maana nilitaka lisimame peke yake.

Bao la tatu lilikuwa langu. Mimi ndimi beki wa kati. Mpira ulinifikia mbele ya duara letu, nikiwa peke yangu, sina mtu karibu. Ningeweza kuupiga pembeni ukatoka. Lakini niliwaona wazee wetu wamekaa chini ya mwembe, nikaona na dada fulani waliokuja na mabasi ya wageni, nikataka kumchenga mtu ili wanione. Nikamchenga wa kwanza. Wa pili akauchukua mpira kwenye gongo langu kama mtu anayechukua kitu chake mezani, akaenda akafunga. Golikipa wetu alijitupa, akaugusa kwa ncha ya glavu, haukutosha. Aliponyanyuka alikuwa na vumbi mpaka kwenye meno. Alinitazama. Hakusema kitu. Watu nyuma ya goli wakapiga kelele wakimzomea yeye.

Nami nikanyamaza, nikaacha wamzomee.

Jioni ile bwenini, walipolitundika chekeche, nilikuwapo. Nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wengine, na leo najua kwa nini: mtu anayecheka hakuna anayemuuliza bao la tatu lilitoka wapi. Ndugu wasomaji, mimi ni kiranja. Ningeweza kulitoa lile chekeche kwa mkono mmoja nikalirudisha jikoni, na neno lingeishia pale. Sikulitoa. Alilitoa yeye mwenyewe, baada ya taa kuzimwa, akidhani tumelala.

Nimesema haya si kwa kutaka kusifiwa kwamba ni mkweli. Ukweli unaochelewa wiki nane hauna sifa kubwa. Nimeyasema kwa sababu naona shule nzima iko kama mimi. Tunapenda timu ikishinda iwe yetu sote. Ikifungwa, iwe ya mmoja. Tukishinda twasema, "Tumewapiga." Tukishindwa twasema, "Amefungisha." Sikilizeni jinsi kitenzi kinavyobadilika mtu wake. Hapo ndipo haki inapopotea, katika herufi mbili tu za mwanzo wa neno.

Wengine watasema ni jambo dogo, mchezo wa shule, na yule kijana atapona. Huenda. Lakini mtu akizoea kumtafuta wa kumbebesha kosa uwanjani, atamtafuta pia kazini, na nyumbani mwake, na serikalini akifika huko. Karani mdogo atafukuzwa kwa kosa la mkubwa. Dereva atafungwa kwa breki ambazo mwenye gari alikataa kuzitengeneza. Tunajifunza hapa yale tutakayoyafanya kule. Ninyi mliotutangulia mnajua zaidi yangu kama nasema kweli.

Wala kazi ya golikipa wetu si nyepesi kuliko ya wale wa barafuni. Goli lao lina upana wa futi 6 na kimo cha futi 4. Letu lina upana wa futi 12 na kimo cha futi 7. Pigeni hesabu: nafasi anayoilinda kijana wetu ni kubwa mara tatu na nusu. Anailinda kwenye uwanja wa nyasi na mawe, ambapo mpira ukigonga kichuguu hubadili nia yake njiani. Na pedi alizokuwa akivaa zimevaliwa na makipa watatu kabla yake. Mkanda mmoja umefungwa kwa utepe wa baiskeli.

Basi nina maombi matatu.

La kwanza ni kwenu kaka zetu wanafunzi wa zamani. Mnapokuja tunafurahi, na sauti zenu twazipenda kuliko mnavyodhani. Ndiyo sababu zinauma zaidi. Utani wenu mnausahau mkifika kwenye lango la shule. Sisi tunabaki nao muhula mzima. Bao likiingia, kabla hamjafungua vinywa, tazameni juu kidogo uwanjani, mwone mpira ulipotokea. Na kama mmoja wenu atapenda kuleta pedi mpya badala ya maneno, stoo yetu ina nafasi.

La pili ni kwenu wanafunzi wenzangu. Jina la Chekeche life. Sisemi litangazwe kuwa marufuku, maana jina lililokatazwa hupendeza zaidi. Nasema tuliache, kama mtu anavyoacha kutafuna muwa uliokwisha utamu. Atakayemwita hivyo mbele yangu, nitamwambia aniite na mimi, maana nina haki na theluthi yake.

La tatu ni kwa timu, nami nimo. Baada ya kila mchezo, tukishinda au tukishindwa, tukae chini ya mwembe dakika chache kabla ya kuoga, na kila mmoja aseme kosa lake mwenyewe kwa kinywa chake, akianza kapteni, golikipa awe wa mwisho. Nina hakika zamu ikimfikia, yatakuwa yamebaki machache.

Nilikwenda kwake juma lililopita. Nilimkuta nyuma ya bweni akifua shati. Nikamwambia kuhusu bao la tatu. Akasema, "Najua, kaka. Nilikuwa pale." Nikamwomba radhi, akanyamaza, akaendelea kufua. Nikamwambia mchezo ujao ni baada ya wiki tatu na goli halina mtu. Akakamua shati, akalianika, akasema atafikiri.

Tangu siku ile nakwenda uwanjani kila alfajiri kabla ya kengele, na wenzangu wawili. Tunazoea kutoka mstarini upesi kwenye kona ya adhabu, na kuupiga mpira pembeni bila ya madaha. Jumatano nilimwona amesimama kwenye kona ya jengo la maabara, anatutazama, mikono mifukoni. Hatukumwita. Mlango wa stoo tumeuacha wazi, na pedi zake zimo, kwenye msumari wa tatu.

Beki wa Kati, Kidato cha Sita